Salio la Jora

Kazi yangu ni kushonea majeneza bitana,
Luanda sokoni, kibanda cha tatu ukiwapita wauza dagaa:
satini nyeupe ya watoto, zambarau ya wazee wa kanisa,
waridi kwa yule ambaye wenyewe wanasema alipenda kupendeza.
Nina cherehani moja ya mkono, mkasi mmoja,
na futikamba iliyopima wengi
wasiouliza bei.

Kwa hiyo Minayo aliposimama mlangoni na sare ya shule,
akasema, "Mama mkubwa, nikatie utepe, mita sita,"
nikamwambia futi sita nazijua.
Mita sita ni za marehemu gani?

Hakucheka. Alikuwa na karatasi ya Mwalimu Andeyo:
upana vidole vitatu, kipande kimoja kisicho na kiungo,
mita ya kwanza ishonwe maradufu
kwa sababu hapo ndipo mkono unaposemea.
Ufito tuliutoa kwenye mwavuli uliovunjwa na mvua ya mawe,
kipete kwenye mnyororo wa funguo za choo.
Rangi akachagua mwenyewe, juu ya kabati,
salio la jora la waridi.
Sikumwambia. Niliuliza tu, hiyo?
Akasema hiyo.

Jioni nikaenda kumtazama nyuma ya bwalo,
pale majabali yanapowaachia watu kiwanja kidogo.
Akauamsha utepe.
Akachora nyoka wadogo karibu na ardhi, wasioigusa,
kisha ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika,
kisha jina fulani hewani ambalo sikuwahi kulisoma lote,
maana mwisho wake ulipofika, mwanzo ulikuwa umefutika.
"Sheria ni moja," akasema akihema. "Usilale.
Ukilala chini wanakukata alama."
Tepe zangu zote nimezishona zilale.
Vitambaa vyangu vikitikisika, watu hukimbia.

Kisumu. Sakafu ya mbao, waamuzi wanne na chupa ya chai.
Wasichana wa Milimani walikuja na tepe za dukani,
nyepesi, unapiga chafya zinapaa.
Wetu ulikuwa mzito kidogo. Satini ya jeneza
haikufumwa kwa kuruka.
Akaenda vizuri hadi katikati ya muziki,
akazunguka, akapitisha ufito chini ya mguu,
na hapo, mita mbili kutoka mkononi,
fundo.

Fundo nalijua mimi.
Niliishi nalo miaka minne, mimi na mama yake,
kwa ajili ya cherehani hii hii ya marehemu mama yetu,
nani aliahidiwa, nani aliibeba usiku.
Tulipishana sokoni kama watu wa lugha mbili.
Kisha nikaletewa vipimo vyake kwenye kikaratasi.
Nikamshonea waridi, mikunjo midogo midogo begani,
mikunjo ambayo humtozi mtu.

Muziki haukumngoja. Minayo alisimama.
Hakuvuta: ukivuta linakaza.
Alilisukuma lirudi lilikotoka,
kwa kucha, taratibu, kama anayemfungulia mdogo wake kamba za kiatu,
waamuzi wakiandika, wakiandika,
nami leso nimeibana menoni.
Likaachia.
Akaurusha ufito juu hadi karibu na vyuma vya paa,
na ule mkia wa waridi ukaufuata, mita zote sita,
bila haraka,
ukarudi naye mkononi.

Alikuwa wa sita kati ya saba.
Wa saba alilia, Minayo akampa nusu ya andazi.

Usiku nimeutandaza mezani niupige pasi.
Pale palipokuwa na fundo pamebaki kikunyanzi,
laini, kama cha pembeni mwa jicho.
Nimepitisha makaa mara tatu.
Kuna jeneza la kesho, futi tano na nusu, nyeupe,
na wenyewe wameshapiga simu mara mbili.
Pasi ingali moto.
Narudia tena pale pale.